Karatasi za Chiriku

Kitabu kikiwekwa mbele ya Zubeir, hakisomi. Hukinusa kwanza aijue gundi yake, kisha hukifungua katikati kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu, kama mtu anayepasua andazi la moto, huku ametega sikio asikie kama mgongo utalia. Ukilia, kitabu kibovu. Usipolia, hupima unene wa karatasi kwa ukucha, hutazama rangi ya jalada kwenye mwanga wa dirisha, akatia saini. Kusoma ni kazi ya atakayekinunua.

Na si vitabu tu. Viatu havai, sufuria hapikii, madera ya soko la Shahe huyavuta mshono akayatupa kwenye rundo. Wafanyabiashara wa Dar, Tanga na Unguja wanaonunua mizigo Guangzhou humwacha awe jicho lao viwandani wakisharudi kwao, na ukaguzi ukiisha yeye ndiye huipanga mizigo ndani ya kontena. Sheria ya kazi hiyo ni moja na kila mtu wa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, anaijua: sampuli ikishatiwa saini, basi. Kiwanda kitatoa vitu elfu vinavyofanana na ile sampuli, pamoja na kasoro zake zote, na ukienda kulia baadaye, laoban, yaani bosi mwenye kiwanda, atakuletea sampuli yako yenye saini yako, akuwekee mezani kama daktari anayemwonyesha mtu picha ya mfupa wake uliovunjika. Utafunga mdomo.

Maulid aliijua sheria hiyo vizuri. Ndiyo maana alikuja.

Alikuja asubuhi ya mvua, akapanda ngazi mpaka kile kichumba cha ofisi juu ya maduka ya simu, Mtaa wa Dengfeng. Maulid ni mwenyekiti wa jumuiya ya wafanyabiashara wa Kitanzania pale mjini, na wenyeviti wana namna yao ya kuingia mlangoni: hutangulia tumbo, ikafuata salamu, mwenyewe akaja mwisho.

"Asalaam aleikum, shehe wangu."

"Waaleikum salaam, mwenyekiti. Leo umepotea njia?"

"Njia ya kwa ndugu haipotei."

"Ilipotea miaka mitatu."

Maulid akacheka, akavuta kiti bila kukaribishwa. Miaka mitatu nyuma Sihaba, mke wa Zubeir, alifia hapo hapo Guangzhou, akazikwa ugenini. Khitma yake ilikuwa isomwe kwenye ukumbi wa jumuiya. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa na wageni wakubwa kutoka nyumbani na ukumbi ulitakiwa kwa kuwalisha. Mwishowe Zubeir aliisoma chumbani kwake, yeye na watu wachache na sinia moja la pilau. Watu husema aliye juu mngoje chini. Zubeir amengoja tangu ujana wake. Hajamwona hata mmoja akishuka. Aliye juu akichoka kusimama, humkalia aliye chini.

"Nina jambo la heri," Maulid akasema. "Nakitoa kitabu. Historia ya kampuni ya marehemu baba, mwanzo mpaka mwisho, na nyimbo zake zote na nota zake. Kitazinduliwa Tanga, mgeni rasmi nimeshampata."

"Unataka ukubwa wa nyumbani sasa."

"Nataka kumtukuza baba yangu. Ukubwa ukija, si nitaufukuza?"

Kampuni yenyewe iliitwa Chapa Chiriku. Baba yake Maulid, Mzee Abubakary, alikuwa muuza vipuri vya baiskeli hapo Ngamiani, Tanga, miaka ya mwanzo ya Uhuru, akanunua mashine ya kuchapia kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akifunga virago. Mzee alikuwa na jicho la biashara kama la kunguru. Aliona kwamba wimbo wa taarabu ukiimbwa harusini, watu hutoka wakibishana: huyu kasikia hivi, yule kasikia vile, na wanawake hawalali mpaka wajue nani kaimbwa. Basi akaanza kuchapa kila wimbo mpya kwenye karatasi moja: nota juu, maneno chini, na pembeni picha ya ndege chiriku ametua juu ya fidla. Hapakuwa na mwingine aliyefanya hivyo Tanga nzima. Wanaojua nota walikuwa wa kuhesabika, lakini karatasi zilinunuliwa na kila nyumba, zikagongomewa ukutani, kwa sababu ileile inayomfanya mtu asiyejua kusoma saa anunue saa. Zilivuka mpaka Mombasa na Pemba. Vijana wa baiskeli walizipeleka harusi kwa harusi, na mmoja wao alikuwa Zubeir, aliyeishia darasa la nne na alijua wimbo upi unauzika kwa kutazama tu namna wanawake wanavyouangulia kicheko.

Mwandishi wa nota alikuwa baba yake Sihaba, mpiga fidla. Mkono wake ulipoanza kutetemeka, kalamu aliishika binti. Sihaba alisikiliza wimbo mara mbili akauweka wote kwenye mistari, safi, kama mtu anayetandika kitanda. Mzee Abubakary alimwita "mwanangu", na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya ujira wake. Chini ya kila karatasi paliandikwa jina moja tu: Chapa Chiriku, Tanga.

Zubeir alimwoa. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tano. Mtoto hakuja. Mwaka wa sita Sihaba akampelekea Mzee wimbo wake mwenyewe, wa kwanza na wa mwisho, sauti yake na maneno yake. Zubeir anayakumbuka mpaka leo:

*Taa sijaizimisha, mlango sijaufunga,*
*usingizi naupisha, mgeni wangu wa Tanga.*

Mgeni huyo kila mwenye akili angemjua ni nani. Ni yule mtoto.

Mzee akaisikiliza sauti, akafumba macho. Akasema sauti ni ya peponi, lakini maneno hayana pilipili. Akaichukua sauti, akaitilia maneno mengine, wala hakumwambia mtu. Sihaba aliyasikia siku moja na Tanga nzima, kwenye harusi ya watu wakubwa, ameketi na fidla yake katikati ya wapigaji. Mwimbaji akasimama, wimbo ukaanza, Sihaba akatabasamu kwa kuijua sauti yake. Halafu:

*Mgomba usiozaa, shambani wafanya nini?*
*Kivuli umekitwaa, mkungu hatuuoni.*

Vichwa vyote vikageuka. Na desturi ya taarabu ni ngumu kuliko sheria ya serikali: atakayeinuka kwa hasira ndiye aliyeimbwa, amekubali mwenyewe. Basi Sihaba hakuinuka. Alipiga fidla beti zote, na viitikio vyote, na wimbo ulipoombwa urudiwe akaupiga tena, huku wanawake wakipita mbele yake kumtunza mwimbaji kwa noti na vigelegele.

Karatasi ya Mgomba iliuzika kuliko zote zilizopata kuchapwa na Chiriku. Zubeir aliiegemeza baiskeli ya kampuni mlangoni pa Mzee asirudi tena. Lakini hilo halikumwumiza Mzee, na kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Karatasi zilizobaki bila kununuliwa Mzee aliziuza kwa mizani kwa wauza karanga, kama alivyofanya siku zote. Zikasokotwa pembe, zikajazwa karanga, zikazungushwa sokoni, stendi na milangoni pa shule. Asiyekuwa na senti ya wimbo alikuwa na senti ya karanga. Watoto walizila karanga, wakakunjua karatasi, wakausoma ubeti, wakauimba wakimwona Sihaba anapita. Mpaka anakufa hakutia tena karanga mdomoni.

Kisha kaseti zikaja, kampuni ikafa. Mzee Abubakary alizikwa na umati wa watu uliofunga barabara.

"Nakala za kampuni hazipo," Maulid alikuwa akisema. "Nyingine mchwa, nyingine karanga. Nasikia Bi Sihaba, Mungu amrehemu, alikuwa na zake."

Alikuwa nazo. Chini ya kitanda cha Zubeir kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake karatasi moja ya kila wimbo, na zile za mkono alizoandika kabla hazijachapwa. Alikuja nazo China akaacha nguo.

"Zipo," Zubeir akasema. "Lakini sizitoi hivi hivi."

"Sema unachotaka."

"Nataka jina lake. Miaka yote ile hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa jina lake. Uniwekee jina lake juu ya wimbo wake. Na uuweke kwa maneno yake yeye, ya taa. Yale ya mgomba yafe. Hilo tu. Mimi sina mtoto wa kumtaja, nikifa atatajwa na nani?"

Maulid akamtazama kwa huruma, ile huruma ya watu wa juu ambayo hawaigharimii. "Jina lake juu ya wimbo wake," akasema. "Tena kwa wino wa dhahabu. Na wewe mwenyewe ndiye utakayekagua, usije ukasema Maulid kakudanganya. Tusome Fatiha."

Zubeir alisema mawili, Maulid akarudia moja. Wakainua viganja, Fatiha ikasomwa juu ya lile moja. Mtu wa pwani ukishamsomea Fatiha hatafuti tena karatasi ya mkataba, na Zubeir alilivuta sanduku la bati kutoka uvunguni siku hiyohiyo.

*

Kiwanda cha kuchapa kilikuwa Baiyun, pembezoni mwa mji, na laoban wake alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya king'ora, anayevaa kandambili hata mbele ya wateja wakubwa. Zubeir alichagua kila kitu mwenyewe. Alikataa karatasi ya kung'aa, akachukua laini, nyepesi, ya rangi ya maziwa, inayofanana na zile za Chiriku za zamani. Mama akamwambia ya kung'aa ndiyo inayopendwa na Waafrika. Zubeir akamwambia "bu yao", sitaki. Alichagua gundi bora, akaagiza mgongo ukazwe mpaka kitabu kiwe kama tofali. Alama ya kuandikwa juu ya katoni, inayomwezesha mpakizi kujua mzigo ni wa nani, aliiandika kwa mkono wake kwa herufi kubwa: SIHABA. Mama hakuuliza ni nani. Kwao alama ni alama.

Sampuli ikaja. Zubeir akainusa. Akaifungua katikati kwa vidole gumba, mgongo haukulia. Akaitafuta dhahabu, akaiona katika ukurasa wa kulia: *Bi Sihaba*. Akaipitia herufi kwa herufi kwa ukucha, aone kama wino unabanduka. Haukubanduka. Chini ya jina palikuwa na mistari ya nota, vile vichwa vyeusi vyenye mikia ambavyo mkewe alivichora akiwa amekunja mguu mmoja chini yake juu ya mkeka. Macho yakamjaa maji. Chini ya nota yalikuwapo maneno, madogo, lakini macho yenye maji hayashuki mpaka huko. Akakifuta kitabu kwa mkono wa shati, akaomba kalamu, akatia saini kwenye jalada la ndani. Mama akapiga muhuri wa kiwanda, akaiweka sampuli moja kabatini, nyingine akampa ampelekee Maulid.

Siku ya ukaguzi wa mwisho, mzigo ukiwa umeshafungwa, Zubeir alichagua katoni ya chini kabisa kama ilivyo desturi, maana wajanja huficha ubovu chini. Akaipasua, akatoa kitabu, akakifungua katikati. Kikafunguka palepale. Safari hii macho yalikuwa makavu.

*Mgomba usiozaa, shambani wafanya nini?*

Akafungua kingine. Akafungua katoni nyingine. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kwa kuwa kusoma kwake ni kwa darasa la nne. Juu ya ukurasa, kwa herufi ndogo nyeusi: *Mgomba Usiozaa. Maneno na nota*, kisha kwa dhahabu: *Bi Sihaba.* Taa hakuiona mahali popote. Alitafuta kitabu kizima, jalada hadi jalada, kwa mara ya kwanza maishani akikisoma kitu kabla hakijauzwa. Kila wimbo mwingine ulikuwa na jina moja tu chini yake, la Mzee Abubakary.

Akamwendea mama. Akamwambia ukurasa huu mbaya, uchapwe upya. Mama akaenda kabatini, akarudi na sampuli, akaifungua, akaweka kidole kwenye saini.

"Yiyang," akasema. Vinafanana.

"Najua vinafanana. Si ndivyo tulivyotaka."

"Wewe ulisaini."

"Mpigie mwenye mzigo."

Akampigia. Zubeir aliisikia sauti ya Maulid ndani ya simu, ikicheka, ikisema kwa Kichina chake cha sokoni: hao, hao, nzuri, pakia. Mama akafunga simu, akanyanyua mabega. "Meiyou banfa." Hakuna njia. Akarudi kwenye chai yake.

*

Zubeir alimkuta Maulid akila, kwenye mgahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu, mkono wa kulia ndani ya biriani mpaka kwenye vifundo.

"Karibu, karibu. Leta sahani nyingine hapa."

"Sili. Umeyaweka maneno ya mgomba."

"Nimeuweka Mgomba, ndiyo. Ndio wimbo wanaoujua watu. Kitabu cha Chiriku bila Mgomba nimuuzie nani?"

"Tulisoma Fatiha, Maulid."

"Juu ya jina. Jina halipo?"

"Lipo juu ya tusi alilotukanwa mwenyewe. Umeandika kalitunga yeye."

"Kwa dhahabu," Maulid akasema, akatafuta pande la nyama, akalipata. "Kaa basi, watu wanatutazama. Nitakwambia kitu kwa kuwa wewe ni mtu mzima mwenzangu. Maneno yale yanataka mwenyewe. Siku hizi kuna akina mama wasomi, watasimama pale kwenye uzinduzi waulize nani aliyemtukana mgumba. Nimpe nani? Nimpe baba? Baba ana watoto, ana wajukuu, ana vitukuu wako shule. Nataka kura mimi. Nikimpa marehemu mkeo, kwanza itakuwa sifa, watasema mwanamke alikuwa jasiri, kajitania mwenyewe. Na pili..." Akaufyonza mfupa, akauweka pembeni ya sahani. "Pili, aibu inatafuta wa kumrithi. Yeye hana. Inaishia hapohapo."

Kwenye meza ya jirani vijana wawili walikuwa wakibishana bei ya betri.

"Wewe si ulisema huna mtoto wa kumtaja?" Maulid akaongeza, kwa upole kabisa. "Sasa atatajwa. Na saini si yangu, shehe. Saini ni yako. Hebu kula kidogo, umekonda."

Wapo watu wangemmwagia biriani usoni. Zubeir aliinuka, akarudisha kiti mahali pake. Amri haipigwi kofi. Ukiipiga, ndiyo kwanza unaambiwa wewe ndiye mkosaji. Aliondoka akiwa na jambo moja kichwani: Maulid ataruka kwenda Tanga kutayarisha uzinduzi, na mzigo utabaki mikononi mwa mpanga kontena.

*

Ilikuwa ile miezi ambayo Guangzhou hutoka jasho. Upepo wa kusini ukirudi, kuta za nyumba hulia maji, sakafu huteleza, shati uliloanika Jumatatu utalivaa Alhamisi likinuka. Kila mpakizi anajua namna ya kulinda karatasi msimu huo: uweke mbao chini, uzungushe nailoni, utundike vifuko vya kunyonya unyevu, na uzisukume ndani kabisa, mbali na mlango. Zubeir aliwafundisha wengi. Anayejua kulinda anajua na kuua.

Ghalani alianza na mizigo ya watu wengine. Madera ya Shahe akayazungushia nailoni mara mbili, masufuria akayatanguliza, betri akaziinua juu ya mbao. Wenye mizigo hiyo hawakuwa na kosa. Vitabu akavibakiza mwisho. Alizivua katoni nailoni zake, moja moja. Vifuko vya kukaushia akavitupa. Mvua ilikuwa imeingia ndani ya kontena wakati mlango uko wazi, na sakafu ya karibu na mlango ilikuwa na dimbwi. Wapagazi wakachukua ufagio.

"Acheni," Zubeir akasema.

"Zitalowa, laoban," mpagazi mmoja akamwambia.

"Ni karatasi za kufungia tu."

Akazipanga katoni juu ya maji. Zilipofika kifuani pake ndipo akaona alichokuwa akifanya. Kila katoni ilimtazama na alama yake: SIHABA, SIHABA, SIHABA, safu juu ya safu, kwa herufi alizoziandika yeye. Jina ambalo hakuna aliyewahi kulichapa lilikuwa limechapwa mamia ya mara mbele ya macho yake, na maji yalikuwa yameanza kupanda kwenye herufi za chini.

Alisimama. Wapagazi wakamsubiri, mmoja akawasha sigara.

Angeweza kuzitoa. Angezirudishia nailoni, azisukume ndani, mke wake afike Tanga mkavu, mwenye jina la dhahabu, mwenye tusi lake kichwani kama taji. Au asifike kabisa. Alipima hayo mawili kama anavyopima kila kitu, kwa vidole, akigusa katoni iliyo mbele yake. Ilikuwa imeshaanza kulainika.

"Fungeni," akasema.

Milango ikabamizwa, lakiri ya risasi ikatiwa. Njiani kurudi Xiaobei, Zubeir alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu khitma. Kwa mara moja katika maisha yake amri ilikuwa imetoka kwake.

*

Kontena lilifika, likafunguliwa, na habari zikaja kwa simu za watu wenye madera: mali yao salama, vitabu vya mwenyekiti vimevimba kama maiti wa majini. Wakacheka pale Dengfeng. Zubeir akacheka nao. Wakasema Maulid kafanya uzinduzi hivyohivyo, kwa ile sampuli aliyokuwa nayo mkobani. Kainua juu, mgeni rasmi kapiga makofi, kazungumza juu ya qadari ya Mwenyezi Mungu, na watu wamemsifu kwa subira yake. Waliokuwapo wanasema hotuba ilimpa heshima kuliko kitabu. La mkubwa haliozi, hata ukililoweka.

Zubeir alilimeza hilo. Alijua vitabu havipo. Hilo lilimtosha.

Siku moja mchana, yuko ofisini anakagua kandambili, akapigiwa simu na Fathiya, mdogo wake Sihaba, aliyebaki Tanga. Fathiya si mtu wa kupiga simu ovyo. Walisalimiana, wakaulizana afya, mvua, bei ya mchele. Kisha Fathiya akashusha sauti.

"Shemeji, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Hivi dada ndiye aliyejitungia ule wimbo?"

Zubeir akaiweka kandambili chini. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimenunua karanga."

Zubeir akaibana simu sikioni.

"Hapa sokoni," Fathiya akaendelea. "Vile vitabu vya Maulid vilivyoharibika, kaviuza vyote kwa mizani. Wanasema karatasi yake nzuri sana, laini, inasokoteka, si kama magazeti. Wauza karanga wote wamechukua. Stendi, sokoni, shule ya hapa kwetu. Nimekunjua yangu nikamwona dada. Mwanangu naye karudi na yake. Watoto wanauimba, shemeji. Nimemchapa wangu, lakini nitawachapa wangapi? Wananiuliza mimi: mama mdogo, kumbe dada yako alijijua? Nimekosa la kuwajibu. Ndiyo nakuuliza wewe, wewe uliishi naye. Alijitungia?"

"Vililowa," Zubeir akasema. "Vitabu vile vililowa."

"Pembeni tu. Mgongo umekazwa kama tofali, maji hayakupata njia. Katikati pakavu kabisa."

Mteja aliyekuwa akisubiri kandambili zake aligonga meza taratibu kwa funguo. Zubeir akamwinulia mkono: ngoja.

"Na jina?" akauliza. "Jina lake linasomeka?"

"Linasomeka vizuri, shemeji," Fathiya akasema. "Dhahabu haijabanduka hata kidogo."